Nani Alimlisha Mtazama Nyota?

Aliye na Biblia karibu naye na aifungue katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 17, kuanzia mstari wa 8. Tunasoma hapo jinsi Musa alivyosimama kilimani wakati wa vita, mikono yake ikachoka, na jinsi Haruni na Huri walivyoitegemeza mpaka jioni. Jina la Musa kila mtoto wa shule ya Jumapili analijua. Leo nataka tuwafikirie wale waliosimama kando yake.

Nitawapa mfano kutoka mji wa Bath, huko Uingereza, zaidi ya miaka 200 iliyopita. Katika mji huo aliishi mtu aliyeitwa William Herschel, mzaliwa wa Hanover, Ujerumani. Kazi yake ilikuwa muziki. Alipiga kinanda katika kanisa moja la mji huo, na siku za juma alifundisha watu kuimba na kupiga vyombo. Lakini usiku ulipoingia, moyo wake ulikuwa kwenye nyota. Darubini kubwa aliyoitaka ilikuwa ghali kupita uwezo wake. Basi, mwaka 1773, akaamua kujitengenezea. Hakuwa na jumba la serikali la kutazamia nyota. Alikuwa na nyumba ya kawaida ya mjini, na baadaye bustani ndogo nyuma yake.

Kazi yenyewe haikuwa rahisi. Kioo cha darubini zake kilikuwa cha madini, sehemu kubwa ikiwa ni shaba. Madini hayo yaliyeyushwa katika tanuri, yakamwagwa ndani ya kalibu, kisha yakasuguliwa kwa mkono mpaka uso wake ukabonyea kidogo sana kama sahani, na kung'aa. Ilipofika hatua ya mwisho, mikono haikuruhusiwa kupumzika, maana kioo kingeharibika. Siku moja Herschel alisugua kwa muda wa saa 16 bila kuiondoa mikono yake.

Sasa nawauliza, ndugu zangu: siku hiyo alikula nini?

Alilishwa na dada yake, Caroline. Alisimama kando ya kaka yake akimtia chakula kinywani kidogo kidogo. Siku nyingine alimsomea vitabu kazi ikiendelea, kikiwamo kile cha hadithi za Alfu Lela Ulela. Nyumba yote iligeuka karakana: seremala sebuleni, mashine ya kukereza katika chumba cha kulala. Kalibu moja kubwa ilihitaji udongo uliochanganywa na samadi ya farasi, na Caroline naye alikuwa miongoni mwa walioitwanga samadi hiyo kinuni na kuichekecha. Mwaka 1781 madini ya moto yalivuja wakati wa kumwaga, mawe ya sakafu yakapasuka na kurukia dari, na watu wakakimbilia milangoni kuokoa maisha yao.

Lakini mwaka huo huo, usiku wa tarehe 13 Machi, Herschel alikuwa bustanini nyuma ya nyumba yake na darubini yenye kioo cha upana wa sentimeta 16 hivi. Akaona kitu kisichofanana na nyota nyingine. Kilikuwa na umbo la mviringo, na baada ya siku chache kilikuwa kimesogea. Kwanza alidhani ni nyota yenye mkia. Wataalamu walipopiga hesabu, wakagundua ni sayari, ile tunayoiita Uranus. Tangu zamani za kale watu walijua sayari tano tu angani mbali na dunia yetu. Tena, wengine walikuwa wameiona kabla yake. Mwingereza John Flamsteed aliiandika katika orodha yake mwaka 1690, akidhani ni nyota tu. Herschel aliitambua kwa sababu kioo chake kilisuguliwa kwa uvumilivu, na mwenye kukisugua alilishwa.

Mwaka 1782 Mfalme George wa Tatu akampa posho ya pauni 200 kwa mwaka, naye akaacha kazi ya muziki. Na Caroline je?

Caroline aliugua sana akiwa na miaka 10, na kimo chake hakikuzidi sentimeta 130 hivi. Mama yao alikusudia abaki Hanover akifanya kazi za nyumbani. Mwaka 1772 William alimwendea, akaahidi kumpa mama fedha kila mwaka za kuajiri mtumishi, akaondoka na dada yake. Akamfundisha kuimba, Kiingereza na hesabu. Jedwali la kuzidisha lilimshinda kulikariri, kwa hiyo aliliandika kwenye karatasi akawa anatembea nalo. Si kwamba William hakumgharimu kitu. Walipohama Bath, Caroline alilazimika kuacha uimbaji alioupenda. Lakini William alimpa darubini yake mwenyewe. Na kwa darubini hiyo ndogo, tarehe 1 Agosti 1786, Caroline aligundua nyota yenye mkia. Kufikia mwaka 1797 alikuwa amegundua nane. Mfalme akampa naye mshahara, pauni 50 kwa mwaka.

Msikilizaji mpendwa, hapa ndipo neno langu la leo lilipo. Katika kila nyumba yuko anayesugua kioo, na yuko anayemlisha. Kijana amehitimu, tunapiga vigelegele. Je, ni dada yake yupi aliyebaki akichota maji na kulima ili karo ipatikane? Mchungaji amehubiri vizuri. Nani aliamka alfajiri kufagia kanisa? Wewe unakwenda kazini umevaa nadhifu. Msichana anayekulelea watoto, je, jina la baba yake unalijua?

Kumshukuru ni vyema, lakini shukrani peke yake haitoshi. Mpe naye zamu ya kutazama. Kama hajui kusoma, mtafutie wa kumfundisha. Kama ana mkono wa kushona, msaidie apate cherehani. Usiseme, "Akienda, nani atanifanyia kazi?" William naye angeweza kusema hivyo, na zile nyota nane zisingeandikwa kwa jina la Caroline.

Nawe uliye jikoni asubuhi hii, unayesikiliza redio huku ukiwapikia wengine, usife moyo. Baba yetu aliyeziumba nyota anakuona hapo ulipo.

Tuombe. Ee Bwana, tunakushukuru kwa mikono inayotutegemeza. Tusamehe tulipoila kazi ya wengine bila kuuliza majina yao. Utufundishe kuwapa nafasi, kama wewe ulivyotupa sisi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.