Pwani tulivu ya Jamaika na swali la mwenye ufuko

 Tunazungumza nanyi kutoka Birmingham, katikati ya Uingereza, mji usio na bahari wala ufuko. Hata hivyo, tunakusudia kuwasimulia habari za pwani: pwani ya kusini ya kisiwa cha Jamaika, katika bahari ya Karibi. Tutatazama chakula chake, fukwe zake na utamaduni wa wakazi wake, kisha tutajiuliza swali linalowahusu pia watu wa Lamu, Jambiani na Diani. Je, ufuko ni wa nani?

Huenda msikilizaji akauliza, kwa nini Birmingham? Baada ya Vita Vikuu vya Pili, maelfu ya watu kutoka Jamaika na visiwa jirani walihamia katika mji huu kufanya kazi viwandani, hospitalini na katika mabasi. Wengi wao waliweka makazi katika mtaa wa Handsworth. Katika mtaa huo lilianzia kundi la rege la Steel Pulse, ambalo mwaka 1978 lilitoa albamu iliyobeba jina la Handsworth. Huko huko alikulia mshairi Benjamin Zephaniah, aliyezaliwa mwaka 1958 na mama Mjamaika, na kufariki dunia Desemba 2023. Mswahili anayeingia katika duka la vyakula la mtaa huo hajioni mgeni, kwani hukuta muhogo, nazi, viazi vikuu, ndizi mbichi na pilipili mbuzi.

Naam, wapenzi wasikilizaji, hebu sasa tuvuke bahari. Watalii wengi waendao Jamaika huishia pwani ya kaskazini na magharibi, katika miji ya Montego Bay, Ocho Rios na Negril. Huko kuna mahoteli makubwa ambamo mgeni hulipia kila kitu kabla hajaondoka kwao, akala, akanywa na kuogelea ndani ya ua mmoja. Pwani ya kusini ni tofauti. Katika mkoa wa Saint Elizabeth, kuanzia mji wa Black River hadi vijiji vya Treasure Beach, nyumba za wageni ni ndogo, na nyingi ni mali ya wenyeji. Mchanga wake una weusi, mawimbi yake ni makali, na mvua ni haba. Lakini wakulima wake hutandaza majani makavu juu ya udongo ili kuhifadhi unyevu, na kwa ustadi huo huvuna matikiti maji, nyanya na vitunguu. Ndiyo maana mkoa huo huitwa kapu la chakula la Jamaika.

Tukija kwenye chakula chenyewe, mgeni hana haja ya kutafuta mbali. Katika kijiji cha wavuvi cha Alligator Pond, upande wa mashariki wa Treasure Beach, mteja huchagua samaki wake akiwa bado mbichi, samaki hupimwa kwenye mizani, kisha mteja husema apikiwe vipi. Wapo wapendao samaki wa kukaangwa, aliyemwagiwa siki yenye vitunguu, karoti na pilipili, upishi uliorithiwa kutoka kwa Wahispania. Wapo wapendao samaki aliyepikwa kwa tui la nazi hadi likakauka na kutoa mafuta, na hapa mtu wa Mombasa au Unguja atakumbuka samaki wa kupaka wa kwao. Pembeni huwekwa bami, mkate bapa wa muhogo, uliolowekwa katika tui na kukaangwa. Mkate huo waliuanzisha Wataino, wenyeji wa kisiwa kabla ya kufika Wazungu. Ukielekea Black River, katika kijiji cha Middle Quarters, kina mama huuza kando ya barabara kamba wa mtoni waliopikwa kwa pilipili kali.

Kwa upande wa utamaduni, pwani hii ina kumbukumbu nzito. Desemba 1781, meli ya watumwa iitwayo Zong ilitia nanga Black River, baada ya mabaharia wake kuwatupa baharini Waafrika zaidi ya 130 wakiwa hai, ili wenye meli wadai fidia ya bima. Na katika milima ya mkoa huo huo kipo kijiji cha Accompong, cha wazao wa watumwa waliotoroka na kupigana na Waingereza hadi wakatiliana mkataba wa amani katika karne ya 18. Kila tarehe 6 Januari hukusanyika kwa ngoma, baragumu za pembe na chakula. Ufukweni Treasure Beach, tangu mwaka 2001, hufanyika tamasha la fasihi liitwalo Calabash, yaani Kibuyu. Hakuna kiingilio, na mvuvi hukaa kiti kimoja na mwandishi mashuhuri. Miongoni mwa waasisi wake ni mshairi Kwame Dawes, aliyezaliwa Ghana na kukulia Jamaika.

Wapenzi wasikilizaji, utulivu huu hauna ulinzi mkubwa wa kisheria. Sheria ya fukwe ya mwaka 1956, iliyotungwa wakati wa ukoloni, iliweka ufuko mikononi mwa dola, na haikumpa raia haki ya jumla ya kuufikia na kuoga. Matokeo yake, katika sehemu nyingi za kaskazini, Mjamaika hukutana na ukuta au mlinzi kabla hajafika majini, na kesi kadhaa zimefikishwa mahakamani. Kusini, mitumbwi ingali ikivutwa mchangani mbele ya nyumba za watu, kwa sababu wenyeji hawajaondoka.

Hata hivyo, misukosuko miwili imekuja mfululizo. Tarehe 3 Julai 2024, kimbunga Beryl kilipita karibu kabisa na pwani hii na kuezua nyumba nyingi za Treasure Beach. Tarehe 28 Oktoba 2025, kimbunga Melissa, chenye upepo wa kilomita zipatazo 295 kwa saa, kiliingia nchi kavu magharibi ya Black River na kuuacha mji huo magofu. Jumuiya za Wajamaika hapa Uingereza zilikusanya misaada, kama zilivyozoea tangu zamani kupeleka nyumbani mapipa ya nguo na vyakula.

Lakini pipa la nguo halimrudishii mvuvi mashua yake. Mwenye nyumba ndogo asiye na bima hushawishika kuuza kiwanja chake, na mnunuzi aliye tayari kungoja huwa na fedha nyingi. Kiwanja kikishauzwa, ukuta hufuata. Baada ya ukuta, samaki hununuliwa kwingine na bami huwa pambo la sahani ya hoteli. Hapo ndipo pwani tulivu hugeuka jina tu katika matangazo ya utalii.

Jambo hili si geni kwetu. Huko Jambiani na Paje, kina mama wamelima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 katika ufuko ule ule unaojengwa mahoteli. Kusini mwa Mombasa, malalamiko ya njia za kushukia baharini kuzibwa yamesikika kwa miaka mingi. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mgeni aende Treasure Beach au Jambiani, ale kwa mama lishe, alale katika nyumba ya mwenyeji, anunue samaki kwa mvuvi. Nazo serikali ziandike katika sheria kwamba njia ya kwenda baharini haiuzwi, na zifanye hivyo kabla ya kimbunga kingine.