Mlipe kibarua wako kabla jua halijazama

Maneno yaliyosemwa na mfanyakazi wa shirika la amani mbele ya familia za wakimbizi wa ndani na viongozi wa mitaa, jimbo la Tanganyika

Mimi si mchungaji. Ninafanya kazi na shirika la hapa kwetu, na kila juma ninapanda pikipiki kwenda kambi hii na ile kuzungumza juu ya amani. Leo ninataka tuzungumze juu ya jembe na malipo, kwa sababu nimeona kwamba amani yetu inaharibika hapo mara nyingi.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Siku moja tulimaliza baraza la Watwa na Waluba. Watu walishikana mikono, wakala pamoja, tukafurahi. Nilipokuwa ninawasha pikipiki, mzee mmoja Mtwa alinifuata, akaniambia kwa sauti ndogo: "Mwanangu, mkono nimetoa. Lakini zile siku tatu nilizopalilia karanga kwenu, nani atazilipa?"

Nilinyamaza, kwa maana alisema kweli. Nyumbani tulimpa shati la zamani, tukamwambia angoje kesho. Kesho ikawa juma, juma likawa mwezi. Nilikuwa nikifundisha mapatano, na mtu ninayemdai haki yake alikuwa ameketi mbele yangu akinisikiliza. Nilipotaka kumwomba msamaha niliona haya zaidi: sikujua jina lake. Kwetu tulimwita tu "yule Mtwa".

Ndugu zangu, sote tunajua mambo yaliyotupata. Kati ya 2013 na 2017 mapigano ya Watwa na Waluba yalichoma vijiji vingi katika Nyunzu, Manono, Kabalo na Kalemie. Sababu zilikuwa nyingi: ardhi, uongozi, siasa, dharau. Lakini ukiwasikiliza Watwa, utasikia lalamiko moja likirudi: tulilima mashamba ya wengine, tukalipwa mihogo kidogo, chumvi au kikombe cha lutuku. Lalamiko hilo halimpi mtu ruhusa ya kuua wala ya kuchoma nyumba. Waluba nao walizika watoto wao. Lakini mtu anayedharauliwa shambani kila siku ana moto chini ya majivu, na mchochezi akija hakosi kuni.

Sasa tazameni jinsi vita ilivyotugeuza. Wengi wenu mlikuwa na mashamba yenu. Leo unalima shamba la mwenyeji ili watoto wapate unga jioni. Umejifunza uchungu wa kuambiwa "rudi kesho" wakati sufuria iko tupu. Tusiusahau uchungu huo siku tutakaporudi kwetu na kuwa wenye mashamba tena.

Biblia inatufundisha nini? Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, Mungu anaamuru kwamba kibarua maskini, akiwa ndugu yako au mgeni, alipwe siku ileile kabla jua halijazama. Sababu yake ni wazi: mtu huyo ametia moyo wake wote katika malipo yale, na akimlilia Mungu, Mungu atasikia.

Mkumbukeni tena Ruthu. Alikuwa mgeni kutoka Moabu, mjane, mwenye kuokota masuke nyuma ya wavunaji. Boazi mwenye shamba alifika, akawasalimu wafanyakazi wake kwa jina la Bwana, akauliza habari za huyu mwanamke. Akakataza vijana wasimguse, akamwambia anywe maji yao, akamkaribisha kula pamoja nao. Akila na Prisila nao walifukuzwa Roma kwa amri ya Kaisari, wakafika Korinto, nao walijua kushona mahema. Mtume Paulo hakuona haya kufanya kazi hiyo pamoja nao. Na Bwana Yesu mwenyewe aliitwa seremala.

Sheria ya nchi inakubaliana na neno hilo. Katiba ya 2006, kifungu cha 36, inasema kazi ni haki na wajibu mtakatifu, na malipo yapaswa kumwezesha mfanyakazi na jamaa yake kuishi kwa heshima ya binadamu. Tena sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za ndugu zetu Watwa.

Kwa hiyo ninawaomba mambo manne. Kwanza, mpatane bei kabla jembe halijaingia udongoni, mbele ya shahidi mmoja. Pili, kazi ikiisha, lipa siku ileile, na pombe isiitwe malipo. Tatu, uliza jina la mtu, umwite kwa jina hilo. Mpe maji na kivuli. Nne, ninyi viongozi, muwe na daftari la madeni ya kazi, na mlisome katika kila baraza bila kuangalia kabila wala cheo. Na wewe kibarua, fanya kazi uliyokubali kama mtu anayeonwa na Mungu, maana udanganyifu wako unamfungia mlango mwenzako wa kesho.

Mnauliza, yule mzee? Jioni ileile nilikwenda kwake na franka za siku tatu. Jua la siku aliyofanya kazi lilikuwa limezama zamani, nami nilimwambia hivyo. Alizihesabu polepole, akanionyesha kiti, akaniambia jina lake. Siwezi kusema kwamba amani yote ya Tanganyika ilipatikana pale. Lakini tangu siku ile tukikutana njiani ninamwita kwa jina lake, naye ananiita kwa langu, na barazani anasema maneno ambayo zamani aliyaficha moyoni.

Kila mmoja wetu atazame leo kama kuna mtu anayemngoja. Jua bado halijazama.