Nyasi Bandia Uani: Mnunuzi Atazame Ardhi Kwanza
(Mazungumzo na wamiliki wa nyumba na nyumba za wageni, Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa)

Tangu barabara ya lami ya takriban kilometa 66 ilipounganisha Mbinga na Mbamba Bay, mizigo mizito inafika ufukweni kwa urahisi zaidi, na miongoni mwake zimo nyasi bandia. Mwenye nyumba ya wageni anataka wageni wapate burudani. Mstaafu aliyezoea gofu mjini anataka kiwanja kidogo cha kulengea shimo nyuma ya nyumba yake. Ni matakwa halali. Lakini ni fedha nyingi, na akiharibikiwa hana pa kuzirudisha isipokuwa amejiandaa mapema.

Wengi wetu tumezijua nyasi hizi kupitia kandanda, katika viwanja kama Kaitaba wa Bukoba na Nyamagana wa Mwanza. Nyasi za kandanda ni ndefu. Za mapambo ya bustani nazo mara nyingi hufikia milimita 30 hadi 40, laini kama godoro. Mpira wa gofu una kipenyo cha milimita 43 hivi. Ukiuviringisha juu ya nyasi za namna hiyo huzama na kusimama kabla ya kufika popote. Nyasi za kulengea shimo ni fupi, milimita 10 hadi 15 hivi, nazo zimebanana sana. Kwa hiyo nenda dukani na mpira wako wa gofu, utandaziwe kipande sakafuni, uuviringishe. Muuzaji akikataa jaribio hilo, umekwisha kupata jibu.

Ukiridhika, omba kipande cha sampuli chenye sahihi na mhuri wa duka, ukitunze. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka mzigo ulionunuliwa kwa sampuli ulingane na sampuli hiyo. Uliza pia upana wa bunda. Eneo la mita 5 kwa 3 ni mita za mraba 15. Bunda likiwa na upana wa mita 2, lazima uwepo mshono, na mpira huyumba unapouvuka. Fundi akuonyeshe mshono utapita wapi, na vipande vyote vilale upande mmoja.

Sasa tuje kwenye ardhi, ambako hasara nyingi huanzia. Wazee wa Umatengo hawahitaji kufundishwa habari za maji ya mlimani. Ngoro zao, zile mraba za majani yaliyofukiwa udongo na shimo katikati, zimeyazuia maji yasichukue rutuba ya miteremko hii kwa vizazi vingi. Fundi anayetoka mbali hajui maji ya kilima chako hupita wapi wakati wa masika. Wewe unajua, au jirani yako mwenye shamba anajua. Mwonyeshe kabla hajachimba, na mtaro wa kuyakinga maji hayo uchimbwe upande wa juu kabla ya kazi nyingine yoyote.

Udongo wa juu uondolewe kwa kina cha sentimita 10 hadi 15. Zijazwe kokoto zilizosagwa, tabaka kwa tabaka, kila moja ikishindiliwa kwa mashine. Kushindilia kwa miguu hakutoshi. Juu yake huwekwa vumbi la mawe lililosawazishwa, lenye mteremko mdogo wa sentimita 1 au 2 kwa kila mita. Kwa zile mita za mraba 15, kina cha sentimita 12 huhitaji karibu mita za ujazo 2 za mawe, na zaidi kidogo kwa sababu ya kushindilia. Gharama hii mara nyingi haimo katika bei unayotajiwa dukani! Idai kwa maandishi.

Kikombe cha shimo, chenye kipenyo cha milimita 108, kiwe na matundu chini na kikae juu ya kokoto. Bila hivyo kitatuamisha maji na kuzalisha mbu, na katika mwambao wetu sina haja ya kueleza maana yake. Gundi nayo haishiki vizuri penye unyevu. Kazi ifanyike kiangazi, kati ya Juni na Oktoba.

Mliopo Mbamba Bay na Liuli mna mambo mawili zaidi. Kwanza, jua kali laweza kuzipasha nyasi hizi joto linalozidi nyuzi 60, kiasi cha kumuunguza mtoto anayetembea peku. Pili, ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Zikateni pia punje za mpira chakavu kama kijazo. Mchanga mkavu uliooshwa unatosha. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2023 kuziondoa sokoni punje hizo, baada ya kipindi cha mpito cha miaka 8, kwa sababu husambaa katika maji na udongo. Kwa maoni yangu, mwenye uwanja tambarare karibu na ziwa angejaribu kwanza ukoka uliokatwa chini sana. Jamii za ukoka ndizo zilizopandwa katika viwanja vingi vya gofu vya nchi za joto.

Kuhusu malipo, msimalize yote siku ya makabidhiano. Andikeni kwamba sehemu fulani italipwa baada ya mvua kubwa ya kwanza, maji yakiwa hayajatuama. Dai risiti ya mashine ya kielektroniki. Bunda likipungua vipimo, nendeni Wakala wa Vipimo. Mkiuziwa kwa maelezo ya uongo, au kazi ikifanywa bila uangalifu, mwandikieni muuzaji kwanza na kubaki na nakala. Asipojibu, pelekeni nakala hiyo, risiti, sampuli na picha kwa Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Picha za kokoto zipigwe kabla zulia halijatandazwa, kwani baada ya hapo hakuna atakayeziona.