Gari Likisimama, Nani Analipa?

Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi letu la wafanyakazi wa reli, Mombasa



Kamati imetuomba tuseme machache juu ya jambo linalozungumzwa sana karakanani na yadini siku hizi, nalo ni kazi ya udereva wa malori. Kampuni moja ya kusambaza mizigo, yenye ghala lake Shimanzi, inatafuta madereva. Wenzetu watatu wenye leseni wamepewa barua, na majibu yanatakiwa Ijumaa. Wengine kadha wanangoja kuona hao watatu watafanya nini, ili nao wafuate au wakae. Basi neno hili si la watu watatu, ni letu sote.

Hatukuja hapa kumkataza mtu kwenda. Mtu ana kodi ya nyumba, ana karo ya watoto, na mfanyakazi ana haki ya kupeleka jasho lake mahali panapolipa vizuri. Wala hatukuja kuisifu reli kana kwamba itatulea milele. Kisiwa hiki kimeona kazi zikija na kuondoka. Mwanzoni mwa karne ya 20 palikuwa na vigari vidogo vya reli vilivyosukumwa kwa mikono, vikichukua watu kati ya Mji wa Kale na Kilindini. Motokaa zilipoenea, kazi ile ikaisha. Wazee wetu waliona Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika mwaka 1977, na reli iliyokuwa moja ikagawanywa. Mwaka 2006 reli ilikodishwa kwa Rift Valley Railways, watu wengi wakapunguzwa kazini, na mkataba ule nao ukafika mwisho wake mwaka 2017. Mwaka huo huo treni ya abiria ya SGR ikaanza, na kituo chake kikawa Miritini, nje ya kisiwa. Kwa hiyo hakuna mtu hapa awezaye kuapa kwamba kazi ya reli haina mwisho.

Tunalolitaka ni kwamba kila mmoja aipime kazi hii kwa mizani iliyo sawa. Wengi wetu tunaipima kwa swali moja tu: "Wanalipa ngapi?" Ni swali zuri, lakini halitoshi. Liko la pili ambalo ni kubwa kuliko hilo: gari likisimama, nani analipa?

Tulieleze. Sisi wa reli, behewa likikaa yadini siku tatu kwa kungoja hati, tunahesabiwa siku tatu. Injini ikiharibika njia ya Voi, mshahara wa mwezi hauguswi. Jambo hilo hatukupewa kwa huruma. Januari 1947 watu wa bandari, watu wa reli na watumishi wa majumbani waliacha kazi pamoja katika mji huu karibu wiki mbili. Mwaka 1959 wafanyakazi wa reli waligoma tena. Mshahara wa mwezi unaoeleweka, likizo, na malipo ya siku za ugonjwa ni mambo ambayo wafanyakazi wameyavuta moja moja kwa miaka mingi. Tumeyazoea hata tunayaona kama hewa. Mtu akihama kazi ndipo anapojua kama hewa hiyo iko huko aendako.

Sasa tutazame barua waliyopewa wenzetu. Inasema mshahara mdogo wa mwezi, kisha fedha kwa kila safari, na fedha za safari ndizo nyingi. Hatutazitaja hesabu zao mbele ya watu, maana ni siri yao. Tuchukue mfano wa kuhesabia tu. Dereva ameambiwa atapata shilingi 3,000 kwa kila safari ya Nairobi, kwenda na kurudi, na kwamba atafanya safari 12 kwa mwezi. Hizo ni shilingi 36,000, na moyo unafurahi.

Lakini kutoka hapa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480. Sheria ya barabara za Kenya inakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika muda wa saa 24. Basi lori lenye mzigo, ukitia na kupimwa uzito Mariakani, ni siku moja kwenda na siku moja kurudi. Ongeza siku moja ya kupakia, kupakua na kungoja. Hizo ni siku tatu kwa safari moja. Safari 12 zinataka siku 36, na mwezi hauzai siku 36. Tena sheria inampa mfanyakazi siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Ukitoa siku hizo, mtu anayefuata sheria atapata safari 8, yaani shilingi 24,000. Ile shilingi 12,000 iliyobaki itatoka wapi? Itatoka katika usingizi wake. Ataendesha usiku baada ya kuendesha mchana, na siku akisinzia penye kona, kampuni itanunua lori jingine, lakini mke wake na watoto hawatampata mwingine.

Hiyo ni siku ambayo mambo yote yamekwenda vizuri. Siku zote si hivyo. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, madereva walipanga foleni ya makumi ya kilomita njia ya Malaba na Busia, wakingoja siku nyingi kupimwa na kupata majibu. Waliokuwa na mshahara wa mwezi waliumia, lakini mshahara uliingia. Mtu anayelipwa kwa safari, foleni ile ilikula fedha zake.

Na kabla ya hapo, Agosti 2019, ilitoka amri kwamba mizigo ya kutoka ng'ambo inayokwenda Nairobi na bara ipande SGR na kutolewa huko Nairobi. Malori mengi yalisimama, na madereva, mautingo, mafundi wa gereji na akina mama wauza chakula wa Changamwe na Mariakani wakakosa riziki. Watu wa Mombasa waliandamana, na Oktoba mwaka ule amri ikasimamishwa. Novemba 2020 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikasema amri ile haikufuata sheria, na Septemba 2022 serikali mpya ikarudisha kazi ya kutoa mizigo katika bandari yetu. Tunalitaja hili kwa sababu mbili. Kwanza, mtu wa reli asicheke mtu wa lori anapokosa mzigo, kwani mzigo uliokuja kwetu mwaka ule ulitoka mdomoni mwa jirani yetu. Pili, amri moja ya siku moja yaweza kulisimamisha lori ambalo halina ubovu wowote. Je, siku hiyo barua ya wenzetu inasema nani analipa? Tumeisoma mara mbili, haisemi.

Mmoja katika wale watatu hakupewa safari ya bara. Amepewa lori dogo la kupeleka bidhaa madukani hapa kisiwani na Mji wa Kale. Kazi hiyo ina uzuri wake. Jioni analala kwake, na watoto wanamwona baba yao. Lakini nayo ina kusimama kwake. Nyote mnajua njia za Mji wa Kale. Lori haliingii vichochoro vya Kibokoni wala Kuze. Litasimama Marikiti au kando ya Digo Road, na bidhaa zitakwenda kwa mkokoteni mpaka mlangoni mwa duka. Wakati huo dereva yuko wapi? Akifuata mkokoteni, lori limebaki peke yake. Akibaki na lori, mzigo umekwenda bila macho yake. Jioni gunia moja la sukari likipungua, litaandikwa jina la nani? Na askari wa kaunti wakilifunga gari gurudumu kwa sababu limesimama pasipo ruhusa, faini italipwa na nani?

Haya si maneno ya kutisha watu. Ni mambo ya kuuliza kabla ya kutia sahihi, na sheria imetupa nguvu ya kuuliza. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba ulioandikwa, na kuuandika ni juu ya mwajiri. Uonyeshe kazi yenyewe, saa zake, mshahara na siku ya kulipwa. Inasema muda wa kujaribiwa usipite miezi sita bila mfanyakazi mwenyewe kukubali. Inatoa likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Katika mambo ya hasara, mwajiri hawezi kukata tu apendavyo. Kwa mali iliyoharibika au kupotea, akate kiasi cha haki, na iwe mfanyakazi amekosa kwa makusudi. Gunia lililopotea kichochoroni mikononi mwa mtu mwingine ni jambo la kuulizwa kwanza. Na Sheria ya Fidia ya Ajali Kazini, ya mwaka huo huo wa 2007, inamlazimu mwajiri awakatie bima watu wake.

Tena amri ya mishahara ya chini inayotolewa na Serikali huwataja madereva mbalimbali, wa magari madogo, ya kati na makubwa, na Mombasa imo katika miji yenye kiwango cha juu. Mshahara wa mwezi ulioandikwa katika barua ulinganishwe na kiwango hicho. Mwajiri asitumie fedha za safari kuficha mshahara ulio chini ya sheria.

Kuna na habari ya leseni. Lori dogo lina daraja lake, C1. Lori la kati ni C. Na trela ni CE. Mtu asikubali kupandishwa trela kwa leseni ya lori dogo eti kwa kuwa dereva mwenye trela hakuja leo. Siku ya ajali bima itatazama leseni kwanza, na polisi pia.

Sasa tuje kwenye jambo la Ijumaa. Kampuni inawataka wenzetu Jumatatu asubuhi. Ndugu, hapo tuna neno. Mtu anayelipwa kwa mwezi, akiacha kazi, atoe ilani ya siku 28 au alipe mshahara wa siku hizo. Akiondoka kimya kimya, ataingia kazi mpya ana deni la kazi ya zamani, na habari ya kiinua mgongo chake itakuwa na maswali. Kampuni isiyoweza kumngoja dereva mzuri siku 28, je, itamngoja akiugua?

Wazee husema mkataa pema, pabaya panamwita. Ni kweli. Lakini pema hapajulikani kwa kuambiwa, hujulikana kwa kupimwa. Sisi tuliokaa na wenzetu hao watatu Jumapili tumekubaliana nao hivi, na tunauomba mkutano utie nguvu.

Kwanza, hakuna atakayetoa ilani hapa reli kabla ya kushika mkononi mkataba uliotiwa sahihi na kampuni.

Pili, tawi liwaandikie kampuni barua ya heshima yenye maswali manne. Gari likisimama bandarini, mizanini, gereji au kwa amri ya Serikali, dereva analipwa nini kwa siku? Mzigo ukipungua, nani atachunguza, na dereva atasikilizwa mbele ya nani? Faini ya uzito au ya kuegesha ni ya nani ikiwa mzigo ulipakiwa na kampuni na mahali pa kushusha palichaguliwa na kampuni? Na bima, NSSF na SHIF zinaanza siku gani?

Tatu, kampuni ikijibu vizuri kwa maandishi, waende, nasi tutawasindikiza kwa moyo mweupe. Yule wa lori dogo la kisiwani yuko karibu zaidi na kukubali, na hatumlaumu. Lakini akifika huko aulize mara moja chama cha madereva kiko wapi. Hapa yadini tukidhulumiwa tunaonana kwa macho. Dereva yuko peke yake ndani ya kibini, na mtu aliye peke yake ni rahisi kuambiwa, "Wenzako wote wamekubali."

Nne, kampuni ikikataa kuandika, basi imekwisha kujibu. Wenzetu watabaki, na asicheke mtu kwamba walikosa fedha nyingi. Watakuwa wamekataa kulipia kusimama kwa gari la mtu mwingine.

Siku za Ijumaa ni mbili tu. Barua inaweza kuandikwa usiku huu, karani yupo na karatasi ipo. Tunaomba mikono.