Pikapu Kuukuu ya Chama: Tuitengeneze au Tuiuze?

(Maelezo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama, Utemini, Singida)



Katika safari zangu za ukaguzi nimezoea kuona jambo moja ambalo sasa limekuwa kama desturi. Nyuma ya ghala la chama, chini ya mti, ipo pikapu iliyo juu ya mawe. Magurudumu yamekwisha ondolewa na kuku wanataga ndani yake, lakini katika daftari la mali za chama bado imeandikwa kwa thamani kamili. Nikiuliza, hujibiwa, "Bwana Mkaguzi, tunasubiri fedha tuitengeneze." Nimeombwa leo nieleze kama yafaa kuitengeneza, na kama yafaa, kazi hiyo ifanywe kwa utaratibu gani.

Nianze na yaliyonipata mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua mzoga wa Toyota Hilux, nikauweka uani kwangu hapa Utemini kwa nia ya kuufufua. Nilikadiria miezi mitatu. Kazi ilichukua miaka miwili. Kosa langu ni kwamba nilianzia penye kupendeza macho. Bodi ilipigwa pati na msasa, ikapakwa rangi, na majirani wakanisifu. Siku fundi alipoinua gari kwa jeki ili atazame springi za nyuma, bisibisi yake ilizama ndani ya chasisi kama kijiti ndani ya ugali. Kutu ilikuwa imeila kutoka ndani. Ikabidi bodi ishushwe, chasisi ikatwe na kuchomelewa, na rangi yote iliyosifiwa ikaharibika. Nililipia rangi mara mbili. Fedha ile ilikuwa yangu, na mwenye haki ya kuniuliza alikuwa mke wangu peke yake. Naye aliuliza sana. Fedha za chama zina wenyewe wengi, na kila mmoja wao anayo haki hiyo hiyo.

Kwa hiyo, Ndugu Wanachama, kazi ianzie chini. Kwanza chasisi ikwanguliwe na kugongwa nyundo kila mahali, hasa panapofungwa springi. Wenye Land Rover za zamani wasihadaike na bodi yake: bodi ni ya alumini isiyoliwa na kutu kama chuma, lakini chasisi ni ya chuma. Pia ikumbukwe kwamba maji ya maziwa yetu ya Singidani na Kindai yana chumvi. Dereva aoshaye gari kwa maji hayo huliacha liking'aa kwa juu, huku chumvi ikibaki kwenye maungio ya chini na kuharakisha kutu.

Pili ni breki na usukani, maana gari lisilosimama ni hatari kuliko gari lisilokwenda. Tatu ni injini. Kabla ya kuifumua, mgandamizo wa kila silinda upimwe, ili ijulikane kama ubovu ni wa ringi, vali au hedi. Wenye injini ya dizeli ya Hilux aina ya 2L wabadilishe mkanda wa taimingi hata ukionekana mzima, kwa kuwa haijulikani umetembea kilometa ngapi. Ukikatika njiani, vali hugongana na pistoni na injini yote huingia hasarani. Nne ni nyaya za umeme. Bodi na rangi ni vya mwisho.

Sasa nije kwenye upande wa vitabu, ambao ndio ulionileta mbele yenu. Nilikagua chama kimoja, ambacho sitakitaja, kilichompa fundi pikapu yake aitengenezee nyumbani kwake. Hapakuwa na mkataba wala orodha ya vipuri vilivyokuwamo. Fundi alikuwa hodari, gari liliwaka. Lakini injini iliyofungwa ilikuwa nyingine, na ile ya zamani alikuwa ameichukua kama sehemu ya malipo yake, bila azimio la bodi na bila stakabadhi. Kadi ya gari iliendelea kuonyesha namba ya injini ya zamani. Katika juma la kwanza la kukusanya alizeti, pikapu ikiwa imebeba mizani na magunia matupu, askari walilinganisha namba, zikakataa, gari likazuiwa. Kijiji kile kikakosa mizani kwa siku 9. Wanachama wenye ada za shule za kulipa hawakuweza kungoja. Waliwauzia walanguzi kwa debe, kwa bei waliyotajiwa. Nilipofika kukagua, mama mmoja mzee aliniuliza, "Mwanangu, hiyo injini ilikuwa ya nani?" Ilikuwa yake, na ya wenzake. Lakini sikupata karatasi moja ya kumwonyesha.

Sisi wanaushirika tulikwisha pata funzo kubwa katika jambo hili. Vyama vikuu vilipovunjwa mwaka 1976, magari na majengo yao yalipita kwenye mikono mingine; na sheria ya mwaka 1982 iliporuhusu vyama hivyo viundwe upya, ilibidi kila kitu kidaiwe. Mwenye kudai mali bila maandishi hana nguvu.

Je, basi, tuitengeneze au tuiuze? Tufanye hesabu. Pikapu ya tani 1 hubeba magunia 15 ya alizeti yenye kilo 65 kila moja. Chama chenye magunia 600 kitahitaji safari 40. Lori la tani 10 litamaliza kazi hiyo kwa safari 4. Kwa hiyo asitokee mtu kuwaambia wanachama kwamba pikapu ikifufuka itabeba mavuno yote. Ikilazimishwa kufanya hivyo, itarudi juu ya mawe kabla ya msimu kwisha. Kazi yake ni kupeleka mizani, magunia, mbegu na watendaji vijijini. Kama chama kina kazi hiyo ya kutosha kwa mwaka mzima, na chasisi ni nzima, itengenezwe. Kama chasisi imekwisha, au kazi ni ya juma chache tu, iuzwe kwa uwazi, na chama kikodi gari.

Chama kitakachoamua kutengeneza, nakishauri mambo matano. Makisio yaandikwe na fundi baada ya gari kufunuliwa, wala si kwa kutazama kwa macho tu, nayo yapelekwe mkutano mkuu. Gari likabidhiwe kwa orodha iliyotiwa sahihi, ikitaja namba ya chasisi, namba ya injini, betri, rejeta, magurudumu na jeki. Kila kipuri kinunuliwe kwa stakabadhi, na kipuri cha zamani kirudishwe stoo, hata kama ni chuma chakavu, kwa kuwa chuma chakavu nacho huuzwa. Fundi alipwe kwa hatua iliyokamilika na kukaguliwa na wajumbe wawili, si kwa ahadi. Mwisho, injini ikibadilishwa, Mamlaka ya Mapato Tanzania ijulishwe na kadi irekebishwe kabla gari halijatia gurudumu barabarani.

Ndugu Makatibu, najua mtasema kwamba karatasi hizi ni nyingi kwa pikapu moja kuukuu. Hata mimi, nilipokuwa nimelala uani chini ya Hilux yangu, nisingetaka kuulizwa stakabadhi. Lakini yule mama mzee bado ni mwanachama, na msimu ujao atakuja tena na alizeti yake. Aikute mizani imefika.