Daftari la Leseni katika Karakana Yetu
(Hotuba ya Katibu kwa wanachama, Ulemo, katika sherehe ya kutimiza miaka 10)



Nimeombwa kusema machache juu ya karakana yetu. Habari za injini nawaachia mafundi, kwani wanazijua kunishinda. Mimi nitanena habari za karatasi.

Karakana huweza kuwa na mafundi hodari na vyombo kamili, kisha ikafungwa kwa hati moja iliyokwisha muda wake. Nayo ikifungwa wakati wa mavuno, lori bovu halitengenezwi, magunia ya alizeti hubaki uani kwa mkulima, na madeni yake hayamngoji.

Leseni ya biashara, itolewayo na Halmashauri chini ya Sheria Na. 25 ya 1972, hudumu miezi 12. Nayo haipatikani pasipo hati ya Mamlaka ya Mapato kwamba mambo ya kodi ni safi. Basi angojaye siku ya mwisho huchelewa mara mbili. Kuna cheti cha Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kuna na cheti cha OSHA, wasimamizi wa Sheria Na. 5 ya 2003 ya usalama na afya kazini. Hao hukagua pia mtungi wa kujazia upepo, na tusiwaone wasumbufu: mtungi uliolika kwa kutu huweza kupasuka na kuua vijana wetu. Leseni za madereva nazo zina mwisho wake. Cheti cha fundi kutoka VETA hakihuishwi kila mwaka, lakini nakala yake na iwekwe.

Nashauri tuwe na daftari moja lenye safu sita: jina la hati, nambari, ofisi iliyoitoa, tarehe ya kutolewa, tarehe ya mwisho, na jina la mwenye kuifuatilia. Hati inayokaribia kwisha iandikwe juu. Zikibaki siku 90, Mhasibu atenge ada; zikibaki 60, maombi yapelekwe; zikibaki 30 na jibu halijaja, mtu apande gari aende Kiomboi akaulize.

Wako wasemao kwamba kazi hii ni ya Katibu peke yake. Sikubali. Katibu huugua, huhama, na hufa. Daftari na lisomwe mbele ya wote katika kila kikao cha Bodi, kama zisomwavyo hesabu za fedha.

Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ushirika wetu na udumu.