Kamera Moja, Mkanda Mmoja: Mashindano ya Picha Kikundini

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, siku ya mafunzo)

 

Nimepewa saa moja nami nitazungumza juu ya jambo moja tu: mashindano ya picha. Najua wengine mlidhani nimekuja na habari za mikopo. Mikopo ni baada ya chai. Mashindano ninayosema si ya kutafuta mabingwa. Ni ya kirafiki, ndani ya kikundi au kati ya vikundi viwili vya jirani, na tutatumia zile kamera za zamani za mkanda ambazo zimelala kwenye makabati ya wazee wetu.

Vijana wataniuliza: kwa nini kamera kuukuu, na siku hizi watu wana simu? Haya, tuangalie. Katika kikundi cha watu kumi na wawili utakuta vijana watatu wana simu nzuri, wengine simu zimepasuka kioo, na akina nyanya wana mulika mwizi. Mkisema kila mtu apige na simu yake, mshindi mmeshamjua kabla ya kuanza, na huyo mshindi ni simu. Tena mwenye simu nzuri atapiga picha mia mbili achague moja. Nyanya aliyeazima simu ya mjukuu atapiga mbili, halafu mjukuu anataka simu yake.

Kamera ya mkanda inaondoa maneno hayo. Mkanda wa kawaida una picha 36. Mkiwa watu 12, kila mtu ana picha tatu. Mwenyekiti tatu, na yule aliyejiunga juzi tatu. Kamera ni moja, mkanda ni mmoja, na hakuna kufuta wala kurudia. Hakuna anayeona picha ya mwenzake mpaka mkanda uoshwe. Kwa hivyo hakuna kuigana, na mtu akijua ana tatu peke yake, hufikiri sana kabla ya kubonyeza. Mimi naona hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote.

Sasa kamera yenyewe. Kile kikasha cha filamu ya milimita 35 kilitolewa na kampuni ya Kodak mwaka 1934, na filamu inayouzwa leo ina umbo lile lile. Kwa hivyo kamera ya babu bado inakubali mkanda wa leo. Lakini angalieni vizuri. Kamera nyingi za boksi, kama zile za Brownie, zilitumia mikanda ya vipimo vingine, na baadhi ya vipimo hivyo havitengenezwi tena. Hizo ziacheni kabatini kama kumbukumbu.

Mkinipa nafasi ya kuchagua, nachagua Olympus Trip 35. Ilitengenezwa kuanzia mwaka 1967 hadi 1984, na haitumii betri. Kile kioo cha vipele kinachozunguka lenzi ndicho kinachopima mwanga. Mwanga usipotosha, kibendera chekundu kinatokea machoni pako na kitufe kinakataa kubonyezeka. Haikubali upoteze picha ya kikundi! Tena umbali unapangwa kwa michoro: kichwa cha mtu mmoja, watu wawili, kundi la watu, halafu mlima. Mama asiyejua kusoma anaitumia sawasawa na mwalimu. Kuna pia ndugu yake mdogo, Olympus Pen, ambayo hupiga nusu ya nafasi, kwa hivyo mkanda wa 36 unatoa picha 72. Kikundi kikubwa kikiipata hiyo, gharama inapungua. Lakini kamera yoyote ya milimita 35 iliyo nzima inafaa.

Nzima maana yake nini? Ifungueni mgongo kabla ya kuweka mkanda. Ile sponji nyeusi ya pembeni huoza ikawa kama lami. Ikioza, mwanga unaingia na picha zinatoka na mistari. Ikwangueni taratibu kwa kijiti, muweke uzi mweusi wa sufu pahali pake. Angalieni lenzi kama ina kuvu ndani, ile inayofanana na utando wa buibui. Kama ni kamera ya betri, tazameni kama betri ya zamani ilivuja na kula shaba. Kisha ibonyezeni mara kumi bila mkanda, mkisikiliza. Ikikwama, mpelekeeni fundi au mtafute nyingine.

Mkishaweka mkanda, kuna jambo moja ambalo limewaliza watu wengi. Mkivuta ile kamera kwenda picha ya pili, tazameni kifundo cha upande wa kushoto, kile cha kurudishia mkanda. Lazima kizunguke. Kisipozunguka, mkanda haukushika, na mtapiga picha 36 za hewa. Na namba iliyo kwenye boksi la filamu, 200 au 400, muiweke vile vile kwenye kamera. Mkanda usiachwe ndani ya gari juani. Uwekeni karibu na mtungi wa maji, pahali pa baridi lakini pakavu.

Kuhusu jua letu la ikweta: saa sita mchana jua liko utosini. Mtu mwenye kofia au leso atatoka na uso mweusi na macho hayaonekani. Pigeni kabla ya saa nne asubuhi, au baada ya saa kumi jioni. Mpigaji asimame jua likiwa nyuma ya bega lake.

Pesa. Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Msiguse pesa za mzunguko wala za mkopo kwa ajili ya mashindano. Kila mshiriki atoe mchango wake sawa na wenzake, na mweka hazina auandike peke yake. Gharama ziko tatu: kununua mkanda, kuosha, na kuchapisha. Wengi hukumbuka ya kwanza tu. Zamani studio za mijini zilikuwa zikiosha mikanda, lakini nyingi zimeacha. Kwa hivyo kabla ya kununua chochote, katibu apige simu hata Nairobi, aulize ni nani anaosha filamu ya rangi na ni pesa ngapi pamoja na kuchapisha. Filamu ya rangi huoshwa kwa dawa yenye joto la nyuzi 38 hivi, na joto likienda kombo rangi zinaharibika, kwa hivyo si kazi ya kujaribia jikoni. Ile ya nyeusi na nyeupe huoshwa kwa nyuzi 20 hivi, na kijana aliyefundishwa anaweza kuiosha nyumbani kwenye mkebe maalum usiopitisha mwanga. Lakini mara ya kwanza, pelekeni kwa mwenye ujuzi.

Sasa mtapiga picha za nini? Msiseme tu "picha nzuri". Mtaletewa machweo na maua. Chagueni jambo moja linalohusu kikundi chenu, kwa mfano: "Kazi ambayo haionekani". Mtu apige kile anachokifanya kila siku na hakuna anayekihesabu.

Jambo hili limewahi kufanywa, na likaleta matunda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika jimbo la Yunnan huko China, wanawake 62 wa vijijini walipewa kamera rahisi na kufundishwa kuzitumia. Wataalamu wawili, Caroline Wang na Mary Ann Burris, walikuwa katika kazi hiyo. Wanawake wale walipiga maisha yao wenyewe: kuchota maji, kulima, na watoto wachanga wamelazwa pembeni mwa shamba kwa sababu mama hana wa kumwachia. Kisha wakakaa pamoja wakazungumza juu ya kila picha, na picha zikaonyeshwa wakuu wa serikali. Matokeo yake ni pamoja na mipango ya kulea watoto mchana, mafunzo ya wakunga, na msaada wa karo kwa wasichana. Wakuu walikuwa na ripoti nyingi juu ya vijiji vile. Lakini zile picha zilionyesha kile ambacho akina mama wenyewe waliona kina uzito.

Na sisi je? Sisi tumepigwa picha mara ngapi? Kila mgeni akija, kamera. Mama mmoja ninayemfahamu alijiona kwenye kalenda ya shirika fulani, amebeba mtungi, miguu peku, na chini yake maneno ya umaskini. Siku ile alikuwa amevua viatu kwa sababu ya matope. Viatu anavyo, ng'ombe anao wawili, na ni mweka hazina wa kikundi chake. Hakuna aliyemuuliza. Ninaposema mashindano, nafikiria huyo mama akiwa na kamera mkononi na picha zake tatu. Angepiga nini? Nilimuuliza. Akasema angepiga daftari la hesabu.

Kwa hivyo kanuni ya ruhusa msiiache. Anayepigwa aulizwe kwanza, na akikataa, basi. Mtoto aulizwe mzazi wake. Mgonjwa na mtu aliye mtoni akioga hawapigwi kabisa. Hii siyo adabu peke yake. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mwaka 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Negativu zikae kwenye faili la kikundi. Mgeni akitaka picha kwa kalenda au bango, aombe, na aliyepiga pamoja na aliyepigwa wakubali wote wawili.

Katibu awe na daftari: picha namba moja hadi tatu, nani, siku gani, wapi. Bila daftari hilo, mkanda ukirudi mtagombania picha. Kamera ikae kwa kila mtu siku mbili, si zaidi. Mkimaliza, rudisheni mkanda ndani ya kikasha chake kabla ya kufungua mgongo.

Kuchagua mshindi. Kila mtu achague moja kati ya zake tatu, nayo ichapishwe. Zipangwe ukutani kwa namba, bila majina, na chini ya kila picha kuwe na mkebe. Kila mtu apewe punje tatu za mahindi, atie moja moja kwenye mikebe mitatu anayopenda, ila si wa kwake. Hesabuni mbele ya wote. Waamuzi kutoka nje siwapendi. Wataangalia ufundi wa lenzi wakati ninyi mnaangalia ukweli wa kazi. Na kabla ya kutaja mshindi, kila mpigaji asimame aeleze picha yake. Hapo msikimbie. Hata ikichukua mchana mzima, hapo ndipo mtasikia mambo ambayo hayajawahi kusemwa mkutanoni. Katibu ayaandike.

Zawadi iwe ndogo: picha iliyotiwa fremu, au kilo mbili za sukari. Nimeona vikundi vikigawanyika kwa sababu ya mbuzi wa zawadi. Na kila mshiriki aende nyumbani na picha yake, hata yule ambaye zimetoka na giza.

Mkutano ujao, mwenye kamera ya zamani aje nayo tuikague pamoja. Nyingine mtazikuta na mkanda ndani, umesahaulika miaka mingi. Msifungue mgongo hapo nyumbani kuchungulia, na mtoto asichezee. Ileteni ilivyo, tuurudishe mkanda kwanza kisha tuupeleke ukaoshwe. Huenda mna sura ya mtu aliyekwisha kwenda.